Tuliziombea darubini, tukazipa tano zote, na Akoth akaamini macho yake ni mabovu

Wakuu, habari za humu. Na wakuu wa kike pia, najua mko humu mnasoma kimyakimya, maana mimi mwenyewe nimesoma kimyakimya kwa miaka.

Leo naandika kwa sababu nimekasirika. Nitayasema yote vile yalitokea, hata pale ambapo mimi ndiye naonekana mjinga, na hapo ni mahali pengi. Jina la kampuni sitaji, kwa hivyo msijaze inbox yangu mkiuliza.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi wa vioo, na sisemi vya dirisha. Nina kibanda changu Kariobangi, katikati ya mtu wa kuchomelea mageti na mtu wa kurekebisha majiko. Hapo natengeneza kamera, hadubini za maabara za shule, na zile darubini za macho mawili ambazo sisi tunaziita binos. Baba yangu alikuwa fundi wa saa na vipimo kule reli. Wasichana wenzangu pale Buruburu wakicheza mpira wa kati, mimi nilikuwa nimeshika skrubu ndogo kuliko chawa nikiambiwa nisipumue.

Jumamosi asubuhi natoka na kikundi cha kuangalia ndege. Watu kumi na wanne, wote wa mitaa hii hii.

Najua kuna mmoja ameshacheka. Eastlands kuna ndege gani, si ni marabou wa takataka na kunguru tu? Ndugu yangu, njoo nyuma ya Donholm kando ya mto kabla watu hawajaanza kuchoma taka. Utaona mdiria, utaona kwarara, utaona minana wakisuka viota, na vidole vya mikono na miguu havitakutosha kuhesabu aina.

Shida yetu kubwa huwa ni majirani. Ukielekeza binos kwa mti ulio mbele ya ghorofa, mwenye nyumba anaamini unachungulia bafu lake. Kuna mama aliwahi kutumwagia maji ya vyombo kutoka orofa ya tatu, na siku hiyo tulikuwa tunaangalia kigogota. Lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Sasa kwa kikundi kuna dada anaitwa Akoth. Anakaa Umoja, ana watoto wawili, na ana masikio ya ajabu. Sisi tunasikia kelele ya mtaa, yeye anasikia ndege watatu na anakuambia yupi ana kifaranga. Alikuwa anauza nguo za watoto, lakini alichotaka maishani ni kuwa guide wa ndege. Alisoma kozi, akafanya mitihani, akapita. Kilichobaki kilikuwa apate kampuni ya kumchukua.

Shikeni hapo kwa Akoth, maana yote haya ni juu yake.

Basi kukaja kijana, nimuite Ken. Alitaka kuleta binos kutoka nje na kuziuzia watu wa ndege hapa nchini. Kabla hajaagiza mzigo, akaomba kikundi chetu tujaribu sampuli zake. Tumwambie zinakaaje machoni, zinashikikaje mkononi, na kama mtu wa ndege akiziona dukani atazitamani.

Wazo zuri sana, na nalisifu hata leo. Ni nani mwingine amewahi kuja Eastlands kutuuliza kabla ya kutuuzia?

Tulikutana Jumamosi moja kwa compound yao Donholm. Na hapo ndipo mambo yalianza kuharibika, kwa sababu Ken alitupokea vizuri mno.

Mama yake alikuwa ameamka alfajiri. Kulikuwa na chapati, ndengu, kuku, chai ya tangawizi. Alipita akimshika kila mtu mkono kwa mikono yake miwili. Akatuambia, "Karibuni watoto wangu. Huyu kijana amehangaika na hii kitu mpaka amekonda. Mungu amewaleta."

Halafu Mzee Barasa akasimama. Mzee Barasa ni mwenyekiti wetu, alikuwa karani wa council, amestaafu, na kwa kanisa lake yeye ni mtu wa maombi. Binos tano zilikuwa zimepangwa kwa meza juu ya kitambaa cheupe. Akaweka mkono juu yazo.

Wakuu, yule mzee aliomba. Aliombea Ken, akaombea meli, akaombea bandari, akaombea wateja. Kisha akasema, "Na yeyote atakayenena mabaya juu ya kazi ya mikono ya kijana huyu, Baba, mfunge kinywa!"

Tukajibu amina. Mimi nilisema amina kwa sauti.

Ndipo tukapewa fomu. Starehe, moja hadi tano. Ushikaji, moja hadi tano. Mvuto kwa mnunuzi, moja hadi tano. Chini kulikuwa na nafasi ndogo ya maoni.

Niulize, kitu kimeshaombewa, kuku wa mama mtu yuko tumboni, ni nani atakipa mbili?

Tulipokezana zile binos, kila mtu dakika kumi. Nikazichukua. Mimi kazi hii naifanya kila siku, kwa hivyo mikono ilijua kabla ya kichwa.

Gurudumu la kulenga lilikuwa mbele sana, kidole changu kililifikia kwa kunyooka. Raba za machoni zilikuwa pana, na sisi wenye miwani tulikuwa tunaona duara dogo tu katikati na giza pembeni. Mkanda wa shingoni ulikuwa mwembamba kama kamba ya kiatu. Na rangi, jamani, rangi ilikuwa madoadoa ya jeshi. Hebu tembea Kayole na kitu cha madoadoa ya jeshi shingoni uone kama utafika stage ya matatu bila askari kukuuliza umekitoa wapi.

Lakini hayo yote ni madogo. Kubwa lilikuwa ndani.

Kuna njia baba alinifundisha. Unatafuta mstari ulionyooka, kama ukingo wa paa. Unauangalia kwa binos, kisha unazisogeza pole pole mbali na uso. Zikiwa nzima, mstari unabaki mmoja. Nikaangalia paa la godown, lile ghala lililo ng'ambo. Mstari ukavunjika kama ngazi. Kioo cha kulia kilikuwa kinaangalia juu kidogo ya kile cha kushoto.

Kwa nini hiyo ni mbaya? Kwa sababu ubongo unalazimika kuvuta picha mbili ziwe moja. Dakika kumi za kwanza unafaulu na hujui kama unafanya kazi. Baada ya saa moja kichwa kinagonga, macho yanatoa machozi, na ndege mmoja anaanza kuwa wawili. Nilijaribu zile tano zote. Tatu zilikuwa hivyo.

Nikakaa chini na fomu. Kalamu iko mkononi. Nikainua macho, Mama Ken ananiongezea chapati.

Kando yangu Mzee Barasa alisema polepole, "Labda hii rangi..." Watu wote wakamgeukia. Akakohoa. "Lakini ni nzuri. Inapendeza."

Nikaandika tano. Nikaandika tano. Nikaandika tano.

Kwa maoni nikaandika hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Mkanda wa shingo uwe mpana kidogo. Mungu awabariki." Nikatia sahihi, na kando ya sahihi nikaandika fundi, ili wajue imetoka kwa mtu anayejua.

Fomu kumi na nne, hata ya Akoth, tano kila mahali. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Kila mmoja alikuwa na lake moyoni akadhani ni lake peke yake.

Miezi ikapita, mzigo ukaja. Ken akaanza kuuza mjini, na kwa tangazo lake aliandika kwamba zimejaribiwa na watu wa ndege wa Nairobi na wataalamu. Mtaalamu ni nani hapo? Ni mimi.

Na sasa sikieni hii inayonichoma mpaka leo. Mkanda ulikuwa mpana! Mpana, laini, umeshonwa vizuri. Kitu kimoja nilichothubutu kusema, yule kijana alikirekebisha. Maana yake ningesema mengine, angesikia.

Akoth aliitwa trial, siku ya kujaribiwa kazi, na kampuni moja ya safari. Alikuwa amezoea kuazima binos za kikundi, akaona aibu kwenda kazini na kitu cha kuazima. Akanitumia message:

"Sasa fundi. Zile binos za Ken ni fiti kweli? Nataka kuingia nazo trial."

Niliisoma nikiwa nimesimama kibandani. Ningeandika mstari mmoja tu. Lakini nikafikiria, nikimwambia ni mbovu atauliza mbona nilizipa tano. Nitamjibu nini? Nikajipa moyo kwamba mbili kati ya zile tano zilikuwa nzima, labda na yeye ataangukia nzima.

Nikajibu, "Ni fiti. Enda nazo."

Akazinunua. Baada ya trial sikumwona Jumamosi mbili. Ya tatu pia hakuja. Kisha siku ya wiki, saa za mchana, nikamwona amesimama mbele ya kibanda na box mkononi.

"Fundi, nisaidie kuuza hizi. Hazina shida, zimetumika siku moja tu."

Nikamuuliza mbona anauza. Akaketi kwa stuli ya wateja.

Akanieleza kwamba trial ilikuwa kumwongoza mgeni kwa mabwawa nje ya mji, mkubwa wa kampuni akimtazama, tangu asubuhi hadi mchana. Mwanzo ulienda vizuri. Saa ya pili kichwa kikaanza. Saa ya tatu macho yalikuwa yanamwaga machozi, akawa anayapangusa na mgeni anamwangalia. Kwa matete kulikuwa na vile vindege vya kahawia vinavyofanana. Akataja jina, mgeni akamwambia hapana. Akataja lingine, hapana tena. Mwishowe akaziacha zining'inie kifuani akaanza kuwataja ndege kwa sauti zao, na hapo hakukosea hata mmoja. Lakini yule mkubwa wa kampuni alikuwa ameshaandika kwamba huyu dada hajui kutumia binos.

"Si kosa la mtu," Akoth akasema. "Ni macho yangu. Mimi nina masikio, macho Mungu hakunipa. Nimeamua nirudi kwa nguo za watoto."

Nikamwambia, "Akoth, si macho."

"Fundi, wacha kunibembeleza. Watu kumi na wanne tulizishika tukaona ziko sawa, hata mimi kwa zile dakika kumi. Sasa mimi peke yangu ndiye naona vitu viwili."

Nilichukua zile binos nikatoka nje, nikaangalia waya wa stima juu ya barabara, nikazisogeza mbali na uso. Mstari ukavunjika, tena vibaya kuliko zile sampuli.

Nikaziacha mezani nikamwambia anisubiri siku mbili. Ukweli sikumwambia bado. Kwanza nilitaka kumtafuta wa kulaumiwa, na niliyemtaka ni Ken.

Nilienda kwa ofisi yake mjini nikiwa moto. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Mwizi wewe. Umetulisha kuku ukatufunga macho.

Nikaingia. Ken akainuka kunisalimia, na nikaona amevaa miwani. Mpya kabisa.

"Auntie, karibu! Umeona mkanda? Nilifanya vile ulisema."

Nikamtupia yote. Vioo havielekei mahali pamoja, watu wanaumwa, Akoth amekosa kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi, akavua ile miwani.

"Mimi pia zilikuwa zinaniuma kichwa," akasema. "Tangu sampuli."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

"Ziliuma kichwa na ukaziuza?"

"Auntie, nyinyi ndio wataalamu. Mimi hata njiwa na tetere siwezi kutofautisha. Kumi na wanne mlisema tano. Wewe fundi ulisema tano. Nikaona basi shida ni mimi, nikaenda kupimwa macho nikapewa hii."

Akafungua droo akatoa fomu yangu. Tano tatu, na Mungu awabariki, na sahihi, na fundi.

Nilimpigia kelele hata hivyo. Nilimwambia mtu hauzi kitu kinachomuumiza yeye mwenyewe kwa sababu karatasi imesema ni kizuri. Kichwa chake ni ushahidi pia! Na mzigo ukifika bandarini huwezi kukosa mtu wa kuufungua na kuukagua, na mimi niko Kariobangi, angenipigia simu. Hayo yote ni kweli na sirudishi hata neno. Lakini nilikuwa napiga kelele huku karatasi yangu iko mezani katikati yetu, na sauti haikutoka vile nilipanga.

Nilikaa hapo hapo ofisini kwake nikaandika ripoti mpya. Kurasa mbili. Gurudumu, raba, rangi, vioo, kila kitu. Ken aliisoma, akaondoa zilizobaki dukani, na waliokwisha kununua anawaelekeza kwangu. Hilo nampa heshima yake.

Nikampigia pia yule mkubwa wa kampuni ya safari. Nilimweleza kwamba binos zilikuwa mbovu na kosa ni langu. Akanijibu kwa upole kwamba nafasi imeshachukuliwa, halafu akaniuliza, guide asiyejua kama kifaa chake ni kibovu, mgeni atamwaminije? Nilikasirika, kwa sababu Akoth alijua. Mwili wake ulimwambia saa ya pili tu. Sisi ndio tulimfundisha asiuamini.

Nikafungua zile binos zake. Kioo cha ndani kilikuwa kimeshikiliwa na tone la gundi ambalo lingeona aibu kushika stempu. Nikakisafisha, nikakiweka sawa, nikakifunga vile baba alinifunza, nikazijaribu kwa paa, kwa waya, kwa msalaba wa kanisa la mbali. Mstari mmoja.

Akoth alipokuja nikamwambia yote. Sikutafuta maneno.

"Nilijua, Akoth."

"Ulijua lini?"

"Ile Jumamosi, kabla ya chai kupoa."

Fundi wa mageti jirani alikuwa anachomelea, cheche zinaruka, na sisi tunaangalia cheche.

"Na mimi nikakuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Kwa hivyo ulimwonea haya mama ya Ken. Mimi hukunionea."

Wakuu, nimetukanwa na wateja kwa kila lugha inayosemwa Kariobangi. Hakuna aliyewahi kunipata hapo.

Nikampa binos. Nikamwambia ajaribu, aangalie mwewe aliyekuwa juu ya jaa, aangalie kwa muda mrefu. Akaziweka machoni. Alikaa hivyo kitambo, akalenga, akafuata mwewe, akalenga tena.

"Zikoje?" nikamuuliza.

Akazishusha, akanitabasamia vizuri kabisa. "Ziko sawa tu, fundi. Asante sana."

Akafunga box akaenda.

Na hapo ndipo nimekwama. Nilizipima mwenyewe, najua vioo vimenyooka. Lakini vioo kunyooka ni jambo moja, na raba kumkaa machoni na gurudumu kufika kidoleni ni jingine, na hayo ni yeye tu anaweza kuniambia. Sijui kama aliniambia ukweli au alinipa heshima. Mtu niliyempa jibu la adabu alipohitaji la kweli, kwa nini anipe la kweli?

Jumamosi iliyopita hakuja. Sijasikia kama ameomba trial nyingine.

Somo langu ni hili, na nalisema kwa hasira. Sisi watu wa huku tumelelewa tusikosoe chakula cha mwenyeji, na hilo ni jema. Lakini mtu akikupa fomu hajakupa chakula, amekupa kazi, na karatasi hiyo itasomwa na mtu ambaye hakuwa kwa hiyo meza wala hakula hiyo chapati. Tunasema msema kweli mpenzi wa Mungu, halafu tunamwomba huyo huyo Mungu afunge midomo ya wasema kweli, na tunaitikia amina. Mimi niliitikia.

Kama wewe ni fundi, daktari, mwalimu, yeyote ambaye watu huuliza "hii ni sawa?", nakuomba uogope hilo swali.

Sasa semeni nyinyi. Msinipe pole, pole sitaki. Nataka yule ambaye amewahi kumdanganya mtu kwa adabu, kisha akapata njia ya kumfanya mtu huyo amwambie ukweli tena. Ulifanyaje?